Nguo za Nyanya Nilizoziharibu kwa Kuzipenda

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza nikiwa kijana wa kukata nyuzi na kupiga bandi, leo nina kibanda changu Gikomba, na kwa miaka mingi mtu akiniambia kuna jambo la nguo nisilolijua nilikuwa nacheka. Nyanya alipofariki Majengo, Pumwani, mwaka 2017, hakuna aliyegombania sanduku lake la bati. "Apewe fundi," Shangazi akasema, "yeye ndiye atajua kuzitunza." Haikupita miezi kumi nikawa nimeharibu nguo nne ambazo Nyanya, asiyewahi kukalia cherehani hata siku moja, alizihifadhi zaidi ya miaka hamsini chini ya kitanda katika nyumba ya udongo na mabati.

Nasimulia haya kwa sababu masanduku kama lile yapo mengi, Majengo na Kibra hadi Pwani, na wenyewe wanatuacha mmoja mmoja.

Ndani mlikuwa na doti nzima ya kisutu, ile leso ya bibi harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, isiyo na maandishi. Mlikuwa na leso nyingine ambayo jina lake, yaani ule msemo wake, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hilo peke yake linakuambia ni ya kitambo, maana leso ziliandikwa hivyo kabla herufi za Kirumi hazijashika soko. Kulikuwa na kaniki. Kulikuwa na kofia ya vito ya Babu, na joho lake la sufu lenye tarizi ya uzi wa dhahabu shingoni, ambalo kwa kadiri Shangazi anavyokumbuka alilivaa Idi tu na kwenye harusi. Vyote vimekunjwa mraba, vimerundikwa, na kila pembe ya sanduku imetiwa vile vidonge vyeupe vya nafthalini. Harufu ilinitoa machozi, nikasingizia msiba.

Kosa la kwanza lilianza na harusi. Binti wa Shangazi alikuwa anaolewa Aprili 2018, na Shangazi alitaka avalishwe kisutu cha Nyanya. Kilikuwa na madoa ya kahawia kwenye mikunjo na harufu yake ilijaza chumba. Nikasema, nipe siku mbili. Nilijaza karai maji ya uvuguvugu, nikatia sabuni ya unga, kisha chumvi na siki kwa sababu kila mtu husema chumvi na siki hushika rangi. Baada ya dakika tano maji yalikuwa kama sharubati ya rozela. Nilipokinyanyua, sehemu zote nyeupe zilikuwa zimegeuka waridi.

Hapo ningeacha ningekuwa na kisutu cha waridi, basi. Lakini nilishikwa na hofu, na hofu ya fundi ni mbaya kwa sababu mkono wake una mazoea ya kurekebisha. Nilipaka dawa ya klorini ya kutoa madoa kwenye zile sehemu nyeupe kwa brashi. Weupe ulirudi kidogo. Nikakianika juani kwenye waya, nikakipiga pasi ya moto. Asubuhi ya harusi, Shangazi alipokikunjua mbele ya wanawake waliokuwa wakiimba, kilipasuka kufuata mstari wa kunja, urefu wa shubiri mbili. Nyimbo zikakatika. Shangazi hakunigombeza, angenigombeza ningepata nafuu. Alikikunja akakirudisha kwenye mfuko, bibi harusi akavaa leso mpya iliyonunuliwa haraka Biashara Street.

Baadaye nilielezwa nilichofanya. Siki humsaidia anayetia rangi kwenye sufu au hariri, wakati wa kuitia. Pamba iliyotiwa rangi miaka hamsini iliyopita haisikii siki. Klorini nayo haili doa peke yake, inakula hata uzi wenyewe, na isiposuuzwa ikaisha inaendelea na kazi yake nguo ikiwa imekauka na wewe umelala. Tena nguo kuukuu ikilowa huwa nzito, na nyuzi zake zilizochoka haziwezi kubeba uzito huo. Mimi nilikinyanyua kutoka kwenye karai nikiwa nimekishika pembe mbili tu, maji yakichuruzika.

Ungedhani nilijifunza. Nilichojifunza ni kwamba nguo za kale zisifuliwe, zitundikwe ukutani. Nikaichukua ile leso ya herufi za Kiarabu nikaipeleka kwa mtu wa fremu mjini. Nilimwambia nataka iwekwe kwenye kioo kama picha ya baba wa taifa. Alitaka shilingi 6,500, tukaelewana. Sikumuuliza ataishikishaje. Nilipoirudia baada ya wiki ilikuwa imenyooka kama ubao, na ilikuwa ubao kweli: alikuwa ameibandika nzima kwa gundi nyeupe ya mbao kwenye hadibodi. Na kwa sababu leso ilikuwa kubwa kuliko kioo alichokuwa nacho, alikuwa amekata pindo la upande mmoja. Vipande vyenyewe alikwisha kuvitupa.

Leso ina pindo ukingoni, ina mji katikati, ina jina. Ondoa pindo umeondoa nyumba kuta zake. Nilijua hivyo, na bado nilimlipa salio lake nikabeba fremu kwenye matatu, kwa sababu niliona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Nikaitundika sebuleni, ukuta unaopigwa na jua la asubuhi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, jua lake halina huruma hata siku ya baridi, na mwaka haukwisha kabla nyekundu ya leso haijaanza kufifia upande wa dirishani.

La tatu nalisema kwa kifupi kwa sababu lilikuwa la uvivu tu. Joho na kofia niliviacha kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati nikatoa vile vidonge kwa sababu ya harufu. Masika ya 2018 yalikuwa ya mvua nyingi. Nilipofungua mfuko, nondo walikuwa wametoboa joho begani na kifuani, ukungu umeota kwenye bitana, na kofia, ambayo ilitiwa wanga ili isimame, imetafunwa na mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda karatasi na wanga.

Mapema 2019 mteja mmoja aliniletea gauni la mama yake la harusi nilipunguze kiuno. Nikakataa kuligusa. Aliponiuliza sababu, nikamsimulia yote. Akanipa namba ya jirani yake, mama mstaafu aliyefanya kazi ya kuhifadhi vitu vya kale maisha yake yote. Jina lake siliandiki, hapendi. Nilimwendea South C na mfuko wangu kama mtu anayepeleka mgonjwa.

Hakushangaa. Alitandaza shuka jeupe mezani, akanawa mikono, akaikausha vizuri, akavua pete. Kisha akaketi akaziangalia zile nguo, mimi nimesimama. Baada ya muda mrefu akasema, "Mwanangu, leo hatufanyi kitu."

"Hata kuisafisha, mama?"

"Hata kuisafisha. Piga picha kwanza."

Hilo ndilo nililolibeba kutoka kwake kuliko ufundi wote alionionyesha baadaye. Mimi kazi yangu ni kupokea nguo asubuhi na kuitoa jioni. Nguo kuukuu ikifika mkononi mwa mtu wa aina yangu, mapenzi yake na haraka yake ni kitu kimoja, na mende hawezi kushindana naye kwa uharibifu. Mende walichukua nusu ya kofia kwa mvua nzima. Mimi nilimaliza kisutu kwa mchana mmoja.

Tukaanza na joho kwa sababu nondo walikuwa bado hai. Nondo wa nguo hula sufu na hariri, pamba safi hawana haja nayo, wanaifuata ikiwa na jasho au mafuta ya mwili. Nikapendekeza turudishe vidonge. Akatikisa kichwa. Nafthalini ni sumu, na kwa watu wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya fulani cha damu, unaopatikana sana katika jamii zilizoishi na malaria, mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto mchanga anayefunikwa nguo iliyotoka sandukuni bila kupigwa upepo anaweza kugeuka manjano macho na ngozi, vibaya sana. Nilikumbuka ni wajukuu wangapi tulipokelewa na leso za Nyanya siku ya kuzaliwa.

Badala yake, friza. Nguo inazungushiwa marikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, inatiwa kwenye mfuko wa plastiki, hewa inatolewa, mfuko unafungwa kabisa kwa utepe. Friza ya nyumbani inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri inahitaji wiki mbili bila kukatika. Ukiitoa usiifungue, iache siku nzima kwenye mfuko mpaka ipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utagandamana kwenye nguo na utakuwa umeiosha bila kutaka. Mimi sina friza. Rafiki yangu anayeuza samaki Eastleigh anayo, akanipa droo ya chini kwa masharti kwamba nisimwambie mteja yeyote. Siku ya tisa stima ikapotea usiku kucha. Nikaanza hesabu upya. Siku ya sita ya hesabu mpya ikapotea tena. Joho la Babu lilikaa na samaki karibu mwezi mzima, na mfuko uliofungwa vizuri ndio ulioliokoa na shombo. Mende na wadudu wengine kwenye kofia walimalizwa kwa njia hiyohiyo.

Vumbi na mabaki ya ukungu tuliyatoa kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyopunguzwa nguvu, mdomo wake umefungwa kipande cha chandarua kisichotiwa dawa ili usivute nyuzi zilizolegea. Ukungu utolewe ukiwa umekauka, nje, na umejifunga pua na mdomo. Uzi wa dhahabu wa shingoni haukuguswa. Nilitaka kuung'arisha, akaniuliza, "Unataka uonekane wa jana?" Dhahabu ile ni ganda jembamba juu ya uzi, ukilisugua unalimaliza.

Kisutu kilichukua muda mrefu, nacho ndicho kilichonidhalilisha kama fundi. Kabla ya maji yoyote alinifundisha kupima kila rangi peke yake: tone moja la maji kwenye kona iliyofichika, pamba nyeupe inakandamizwa juu kwa dakika kadhaa, unaangalia kama imechukua rangi. Halafu upime tena kwa maji yenye sabuni, kwa sababu rangi inayovumilia maji inaweza kukimbia sabuni. Kipimo hicho kingenichukua nusu saa Aprili ile. Maji yenyewe yawe yaliyosafishwa madini. Hapa Nairobi njia rahisi ni maji ya betri ya kwenye vituo vya petroli (maji, si asidi, na usome kibandiko mara mbili). Maji ya kisima yenye chuma huacha madoa ya kutu. Sabuni iwe ya maji, isiyo na manukato wala dawa ya kung'arisha weupe. Na nguo ilale juu ya wavu wakati wote, unyanyue wavu, usinyanyue nguo.

Sisi tulisuuza tu mabaki ya klorini, mara nyingi, kwenye sehemu zisizovuja rangi. Uwaridi haukuondoka na hautaondoka.

Halafu ule mpasuko. Niliuangalia nikasema hii kazi ya dakika kumi, kiraka kwa nyuma, zigizaga juu, kwisha. Mama akaniambia nilete kioo cha kukuzia nitazame kushona kwangu mwenyewe kwenye shati nililovaa. Sindano ya cherehani inapiga matundu yanayopangana kama ya stempu, na nguo dhaifu itachanika hapohapo. Tukachukua bafta nyepesi, ile pamba nyeupe laini, nikaifua mara tatu kuondoa wanga, tukaitia rangi ikaribiane na kisutu, tukailaza chini ya mpasuko. Kisha unapanga mtande na mshindio, nyuzi za urefu na za upana, virudi mahali pake, uzi kwa uzi, kwa ncha ya sindano. Halafu unalaza uzi mwembamba wa hariri kuvuka mpasuko na kuushika kwa vishono vidogo mbalimbali, bila kuvuta. Kila mshono uwe unaweza kufumuliwa na atakayekuja baada yako. Nilifumua kazi yangu mara nne kwa sababu nilikuwa nakaza. Shubiri mbili zilinichukua Jumapili sita. Ukitazama karibu unaona kabisa palipopasuka, na Mama alisema ndivyo inavyotakiwa: isikusumbue kwa mbali, isikudanganye kwa karibu.

Kuhifadhi ndiko kulikokuwa rahisi, na kama wewe hutaki kushona chochote, fanya hiki tu. Kilichokuwa kikivunja nguo za Nyanya ni mikunjo, miaka nenda rudi mahali palepale. Nguo bapa kama leso na kisutu ziviringishwe. Nilinunua bomba la plastiki la maji taka nikijiona mjanja, Mama akanirudisha: plastiki ile hutoa mvuke wa asidi kadiri inavyozeeka. Tulitumia magombo ya karatasi ngumu yanayobaki kwenye majora, wenye maduka ya vitambaa Biashara Street na Eastleigh hunipa bure. Karatasi ngumu nayo ina asidi, kwa hiyo unaifunika kwanza kwa foili ya jikoni, kisha marikani iliyofuliwa. Marikani ile ile, jina lake likitokana na pamba ya Marekani iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem karne ya 19. Ndiyo kitambaa bora ninachokijua cha kufunikia vingine, mradi uifue kwa maji ya moto mpaka wanga uishe. Kaniki iviringishwe peke yake, rangi yake ya buluu-nyeusi hupaka jirani. Joho halikunjwi wala halitundikwi, linalala kwenye boksi, na mikunjo isiyoepukika inatiwa mto wa marikani iliyosokotwa ndani. Boksi lisigusane na mbao tupu, lisikae kwenye ukuta wa nje, lisikae karibu na paa. Chini ya mabati mchana ni tanuri na usiku ni baridi, na nguo hutanuka na kusinyaa nayo. Unyevu ukizidi asilimia 65 ukungu huamka. Kipimo kidogo cha unyevu nilikinunua 1,200.

Kuhusu taa, niliwahi kulalamika kwamba kwenye makumbusho nguo za kale huwekwa gizani kana kwamba wanabania stima. Kumbe kiwango kinachokubalika kwa nguo ni luksi 50, mwanga ambao chumbani unaona tu vizuri kiasi, na madhara yake hujumlishana: huwezi kuipumzisha nguo ikarudisha rangi.

Kwa hesabu, fremu, klorini, leso ya dharura na lile bomba la plastiki vilinila zaidi ya 11,000. Vifaa vyote vya kuhifadhi kwa njia sahihi, pamoja na kile kipimo, havikufika 8,000. Mama hakutaka pesa. Nilimshonea madera mawili.

Leso ya fremu ndiyo iliyobaki. Gundi ile ikishakauka hairudi kuwa maji. Tulitoa hadibodi kwa nyuma, tabaka kwa tabaka, kwa kisu butu, miezi. Sehemu nyingine zilikubali kuachia, nyingine Mama alisema tuziache na ukoko wake kuliko kung'oa rangi. Pindo halikupatikana. Leso inalala leo kwenye gombo lake ikiwa na upande mmoja mtupu.

Kabla ya kuiviringisha aliniambia niandike kila ninachojua kuhusu kila nguo, kwa penseli, kwenye utepe wa pamba, niushonee pembeni kwa mishono miwili. Wino wa kalamu hukimbia. Nikagundua sijui kitu. Jina la leso sikuweza hata kulisoma. Nikamwita Shangazi pamoja na mwalimu wa madrasa wa Majengo. Ilikuwa mara ya kwanza Shangazi kuingia kwangu tangu harusi. Mwalimu aliinama, akafuata herufi kwa kidole bila kuzigusa. "Naogopa simba..." akasoma, kisha akafika kwenye ukoko wa gundi akakwama. "Naogopa simba na meno yake..."

"Siogopi mtu kwa maneno yake," Shangazi akamalizia, akaanza kucheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alikuwa mtoto, akasema, lakini anaikumbuka asubuhi Nyanya alipoivaa mara ya kwanza akapita nayo taratibu mlangoni kwa jirani fulani, akaenda kisimani, akarudi, akapita tena, na maji hayakuwa yameisha nyumbani. Akanitajia huyo jirani ni nani. Hilo nimeliandika kwenye utepe. Hapa siliandiki, wajukuu zake tunasali nao.